Mmewahi

Mimi ni mpasua mawe wa Igogo.
Jiwe nalijua kwa sikio:
unaligonga mara moja, pole tu, kwa ubavu wa nyundo,
nalo linakujibu.
Likilia kama kengele ni zima, litakusumbua hadi jioni.
Likijibu kwa sauti ya chungu kibovu
ufa umeshaingia, ingawa jicho halijauona.
Miaka kumi na tisa nasikiliza mawe.

Nyamizi wangu ana miaka kumi na miwili.
Mwezi wa tatu aliacha kusukwa.
Mwezi wa nne akaacha sato, akaacha na mchuzi wake,
akawa anakula ugali mkavu kama mtu anayelipa deni.
Usiku nilimsikia akihesabu migongo ya bati,
akifika thelathini na mbili anarudi moja,
nami nikageukia ukutani nikasema: anajifunza hesabu.

Shangazi yake wa Magu alisema jina la bibi linadai,
litambikiwe.
Jirani akasema, deko.
Mimi sikusema. Nilinunua viatu vipya.
Viatu vikakaa chini ya kitanda, vikitazama mlango.

Aliyeona ni Mwalimu Verdiana,
wala hakuona usoni, aliona daftarini:
kila jibu limeandikwa, limefutwa, limeandikwa, limefutwa
hadi karatasi ikatoboka,
na jibu lilikuwa sahihi tangu mwanzo.
Aliniandikia barua ya mistari minne.
Niliikunja nikaitia mfuko wa suruali ya kazi,
ikakaa humo wiki tatu
pamoja na vumbi la kokoto na risiti ya luku.
Mke wangu akaifua.
Mwalimu akaandika nyingine, safari hii akaileta mwenyewe,
kayapanda mawe yote yale, viatu mkononi.

Alhamisi ndiyo siku ya watoto pale kituoni.
Tulikaa benchi moja na wenye homa, wenye bendeji.
Karani akauliza: anaumwa nini?
Nikatafuta neno. Kwa Kisukuma nikalikosa, kwa Kiswahili nikalikosa.
Nikasema, kichwa.
Nyamizi akasema, macho kwenye kalamu ya karani:
"Kichwa hakiniumi. Naumwa mimi."
Karani hakucheka. Mungu amlipe kwa hilo.
Akaandika.

Muuguzi Kokusima hakuanza na maswali.
Alimpa chungwa amenye.
Walilimaliza kimya,
mimi nje ya pazia nasikia maganda yakidondoka,
kisha nasikia sauti ya mwanangu, nyembamba,
inakwenda, inasimama, inakwenda.
Meli ya Ukerewe ikapiga honi,
sauti ikangoja honi iishe,
ikaendelea.
Saa nzima. Mimi sijawahi kumwomba hata dakika.

Nilijiandaa kukaripiwa.
Muuguzi alinishika mkono huu wenye sugu:
"Mmewahi, baba. Mmewahi."

Neno hilo nimepanda nalo mlima na sijalitua.
Nimewahi? Tangu mwezi wa tatu?
Barua moja ikafuliwa?
Kama huku ndiko kuwahi,
yule kijana wa mzee Lubango
aliyefungiwa stoo na magunia msimu mzima,
yeye tulikuwa tunamngojea nini?

Hajapona. Nisidanganye.
Jana kahesabu tena; alifika kumi na saba, akalala.
Alhamisi tunarudi, na ile ijayo.

Lakini leo kanifuata kazini, miguu peku,
akaokota nyundo ndogo,
akagonga jiwe nililokwisha kulitia alama,
akaweka sikio.
"Baba, hili limesema nini?"
Nilikuwa najua.
Nikaiweka nyundo yangu chini.
Sijui, nikasema. Gonga tena.